Pesa ya Mwanachama Ifike na Jina Lake

(Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi vya akiba, vyama vya ushirika na kamati za maji, Nadapal.)

Niliomba kivuli kikubwa, nimepewa, kwa hiyo sina sababu ya kukimbiza maneno.

Mimi si fundi wa kompyuta. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuwapa wananchi habari za kaunti yao na kusikiliza wanachouliza. Kila ninapokaa na wanachama wa vikundi, kuna swali linalorudi: "Nimelipa, mbona jina langu haliko?" Anayeuliza ana ujumbe wa M-Pesa kwenye simu. Katibu ana daftari au kompyuta. Wote wawili wanasema kweli, na bado mama huyo hapewi mkopo, au hapigi kura kwenye mkutano wa mwaka, au msiba ukimfika anaambiwa mchango wake haukukamilika. Hakuna aliyeiba. Pesa imefika, ila haikufika na jina lake.

Nimekuja kuzungumzia jambo hilo tu. Vikundi vingi sasa vinatoka kwenye daftari na kuingia kwenye simu. Vijana wanakuja na kompyuta za mkononi wakiwaambia: acheni karatasi, tutawawekea mfumo, mwanachama atajaza fomu kwenye intaneti na kulipa papo hapo. Ni jambo jema na siwaambii mkatae. Ninawaomba mjue mahali linapovunjikia, kwa sababu likivunjika anayeumia ni mwanachama mwenye simu ndogo aliye mbali na Lodwar.

Nianze na majina. Sote hapa tunajua mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha ataitwa nani. Akiwa msichana ni Akiru, akiwa mvulana ni Ekiru, na hapo hapo kuna Nakiru na Lokiru. Sasa chukueni kikundi cha watu 60 chenye Akiru watatu. Huu ni mfano wangu wa kubuni, mtu asimtafute jirani yake. Akiru wa kwanza, kitambulisho chake kina jina la baba na daftari la kikundi lina jina la mume. Wa pili hana simu, hulipiwa na mtoto wake anayefanya kazi Lodwar. Wa tatu ana laini mbili, hutumia ile iliyo na salio. Mwisho wa mwezi mweka hazina anaona malipo matatu: moja lina jina la kijana asiyemjua, moja lina jina la Akiru asiyejua ni yupi, na moja limetoka kwenye nambari ambayo haimo kwenye orodha yake. Anafanya nini? Anakisia. Na akikisia vibaya mara mbili, Akiru mmoja ana mchango wa ziada na mwingine ana deni.

Hakuna fomu nzuri kiasi gani itakayotibu hilo ikiwa mnategemea jina, wala nambari ya simu. Simu huazimwa, laini hupotea, na laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni huichukua ikampa mtu mwingine. Isitoshe, siku hizi kwenye malipo mengi ya M-Pesa mfumo wa anayelipwa hauoneshwi nambari nzima ya mlipaji, sehemu yake hufichwa kulinda faragha. Kwa hiyo kila mwanachama apewe nambari yake ya uanachama, fupi, ya tarakimu tupu, isiyobadilika hata akibadilisha simu, mume au makao. Aandikiwe kwenye kadi. Asiyesoma aikariri kama anavyoikariri namba yake ya siri, na tofauti ni kwamba hii anaweza kuitaja mbele za watu.

Mimi napendelea tarakimu nne, ambapo ya mwisho ni ya ulinzi. Mchukueni mwanachama wa 214. Jumlisheni 2 na 1 na 4 mpate 7, mwiteni 2147. Akiandika 2247 kwa bahati mbaya, jumla ya 2 na 2 na 4 ni 8, haipatani na 7, na mfumo unajua papo hapo kwamba kuna kosa. Jumla ikipita 9, chukueni tarakimu yake ya mwisho tu. Njia hii haishiki kila kosa. Aliyegeuza 2 na 1 akaandika 1247 atapita. Lakini aliyekosea tarakimu moja atashikwa, na katibu mwenye kalamu anaweza kufanya hesabu hiyo chini ya mti bila kompyuta.

Sasa tuje kwenye njia ya pesa, na hapa naomba waweka hazina wasogee karibu.

M-Pesa ilianza Machi 2007, na wengi wenu mnaitumia kuliko mimi. Lakini vikundi huchanganya milango yake. Mlango wa kwanza ni kutuma kwa nambari ya simu ya mweka hazina. Ni rahisi, na ndiyo njia mbaya kuliko zote: pesa ya kikundi inalala pamoja na pesa ya unga ya nyumba yake, na akiugua au akipoteza simu, kikundi kimesimama. Mlango wa pili ni Till, ile ya dukani. Mlipaji anaandika nambari ya duka na kiasi, basi. Inamfaa mwenye duka, kwa sababu muuza sukari hana haja ya kujua mteja ni mwanachama wa ngapi. Kikundi kinahitaji kujua. Mlango wa tatu ni Paybill, na tofauti yake ni kitu kimoja: baada ya nambari ya Paybill, mlipaji anaulizwa nambari ya akaunti. Hapo ndipo 2147 inaingia. Yule kijana wa Lodwar akilipa kwa simu yake na kuandika 2147, pesa ni ya mama yake hata kama jina kwenye ujumbe ni lake yeye.

Vikundi vingine vina Paybill na bado vinawaambia wanachama waandike "jina lako" kwenye sehemu ya akaunti. Matokeo yake ni Akiru, AKIRU E, akiru mama Ekai, na mmoja aliyeandika "mchango". Sehemu hiyo ni kwa nambari ya uanachama peke yake.

Kuna jambo ambalo wanaowauzia mifumo hawalitaji mpaka waulizwe. Paybill inaweza kuunganishwa na orodha ya kikundi ili, kabla pesa haijapokewa, M-Pesa iulize orodha yenu: nambari hii mnaijua? Jibu likiwa hapana, malipo yanakataliwa na pesa inabaki kwa mlipaji. Huduma hiyo haiji yenyewe, huombwa Safaricom ikawashwa. Na mnapoiomba mnatakiwa kuamua mapema: mfumo wenu ukikosa kujibu, pengine kwa sababu mtandao umekatika, malipo yapokewe au yakataliwe? Mjini wanaweza kuchagua yakataliwe. Hapa kwetu naona yapokewe. Mtu aliyetembea asubuhi nzima mpaka mahali penye mtandao asirudishwe kwa sababu kompyuta ya mwingine imezimika. Pesa hiyo iingie kwenye orodha ya malipo yasiyo na mwenyewe, na orodha hiyo isomwe kwa sauti kila mkutano mpaka iishe.

Njia nyingine ni ile ya simu kuletewa ombi la malipo, mtu akaingiza namba ya siri tu. Huyo hana nambari ya kukosea, kwa sababu fomu aliyojaza ndiyo iliyotuma ombi na tayari inamjua. Kwa wazee ni nafuu kubwa. Ina kasoro zake: simu lazima iwe imewashwa na iko hewani, na ombi halisubiri sana. Halafu kuna kosa la mtandao dhaifu. Mtu ameingiza namba ya siri, kioo kinazunguka, hakuna jibu, anarudia. Amelipa mara mbili. Fomu nzuri humwambia wazi, "Tunasubiri jibu la malipo yako, usirudie," na hata akirudia, haimwandikishi kama watu wawili. Mkiletewa mfumo, ujaribuni hivyo hivyo: katikati ya malipo zimeni simu, kisha muone mfumo unasema nini. Muuzaji akikasirika, mmeshajua.

Niondoke kwenye malipo niende kwenye fomu, maana huko ndiko watu wanapopotea kabla hata ya kufika kwenye pesa.

Mfano mkubwa tulio nao sote ni bima ya afya. Chini ya NHIF, asiye na mshahara alilipa shilingi 500 kila mwezi, na wengi walikuwa wameizoea. Tarehe 1 Oktoba 2024 ikaja SHA, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Mliandikishwa kwa *147#, kwa mhudumu wa afya wa jamii, au pale hospitalini. Kufika mwaka 2025 zaidi ya watu milioni 20 nchini walikuwa wamejiandikisha. Lakini kati ya wasio na mshahara, waliolipa walibaki sehemu ndogo. Sababu ziko nyingi, na umaskini ndio wa kwanza, hilo tusilifiche. Mimi natazama ile ya fomu. Kujiandikisha ni hatua moja. Kisha kuna maswali ya kupima uwezo wa nyumba, kuhusu makao na mali na maisha, ili kujua asilimia 2.75 ya mapato yenu ni kiasi gani. Kisha ndipo kulipa, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na kwa asiye na mshahara inatakiwa ya mwaka mzima kwa mara moja, yaani 3,600 au zaidi. Kila hatua ni mlango, na kwenye kila mlango watu hubaki nyuma. Aliyebaki kwenye mlango wa kwanza anaamini amemaliza. Anatibiwa zahanati bila shida, kwa kuwa huko huduma za msingi ni za kila aliyejiandikisha, na siku anapohitaji kulazwa Hospitali ya Rufaa ya Lodwar ndipo anapoambiwa mchango wake haujalipwa. Serikali yenyewe iliona tatizo la mkupuo, ndiyo maana mwaka 2025 ukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole.

Sisemi haya kuilaumu bima. Nawaomba, na hili ni nje ya mada kidogo, ambaye hajapita maswali ya uwezo na kulipa, aulize leo kabla ya kuondoka. Lakini kwa kikundi chenu jambo la kuchukua ni hili: mwanachama akimaliza fomu, mfumo umwambie amefika wapi. Usimwambie "Asante, umefanikiwa" wakati bado hajalipa. Umwambie: "Umeandikishwa, nambari yako ni 2147. Bado hujalipa kiingilio cha shilingi 200. Mpaka ulipe, huwezi kukopa." Na ujumbe huo uje kwa simu, kwa Kiswahili au Ng'aturkana, kwa sababu ukurasa wa intaneti ukifungwa hauonekani tena lakini ujumbe unabaki kwenye kabambe.

Na maswali yenyewe? Mfumo mmoja nilioonyeshwa ulikuwa na maswali zaidi ya 30 kwa kikundi cha kuweka akiba. Barua pepe, lazima. Sanduku la posta, lazima. Mtaa na nambari ya nyumba, lazima. Nyumba gani ya hapa ina nambari? Kila penye alama nyekundu ya "lazima," mtu asiye na jibu ana njia mbili: kuacha au kudanganya. Wengi hudanganya kwa ustaarabu, wanaandika barua pepe ya katibu. Matokeo ni watu 40 wenye barua pepe moja, na mfumo unaodhani ni mtu mmoja.

Ulizeni kinachotumika. Jina kama lilivyo kwenye hati yake, na chini yake jina analoitwa nyumbani. Nambari ya simu, na swali dogo: ni yako au ni ya mtu wako? Kijiji, na kwa wafugaji, mtu ambaye atapatikana familia ikihama na adakar. Mrithi wake. Alama ya kidole au sahihi. Tarehe ya kuzaliwa ikihitajika, mfumo ukubali mwaka peke yake, maana kuna wazee wetu waliowekewa tarehe 1 Januari na afisa aliyekuwa na haraka.

Kuhusu kitambulisho nina neno la ziada, hasa kwa nyinyi wa upande wa Kakuma na Kalobeyei. Kambi ya Kakuma ipo tangu 1992. Kuna vikundi ambamo mwenyeji na mkimbizi wanaweka akiba pamoja, wanauza pamoja, wanaoleana. Fomu inayokubali kitambulisho cha taifa peke yake humfukuza mkimbizi mwenye hati yake halali. Inamfukuza pia msichana wa Nadapal aliyetimiza miaka 18 na bado anasubiri kitambulisho. Weka nafasi ya "aina ya hati," kisha "nambari ya hati," na iruhusu herufi na tarakimu. Ni kazi ndogo kwa fundi. Akikuambia haiwezekani, anamaanisha hajataka.

Kaunti hii ina mambo ya kujivunia katika haya, na huwa hatuyasemi. Mnakumbuka mpango wa HSNP. Katika awamu yake ya pili, iliyoanza mwaka 2013, waliandikishwa karibu watu wa kila nyumba katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, hata wasiokuwa kwenye orodha ya kupokea pesa kila mara, na akaunti zikafunguliwa Equity. Wakati ule watu walinung'unika: mbona tunaandikishwa na hatupewi kitu? Lakini ukame ulipozidi, iliwezekana kutuma pesa kwa nyumba za ziada ambazo tayari zilikuwa kwenye orodha, bila kuanza kuandika majina njaa ikiwa imeshaingia. Orodha safi ni akiba. Na pale Kakuma, mwaka 2015, ulianza mpango wa Bamba Chakula wa Shirika la Chakula Duniani pamoja na Safaricom: mkimbizi alipata kwenye simu thamani ya sehemu ya chakula chake, akanunua kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Ulifanya kazi kwenye simu ya kawaida, bila intaneti. Kama maelfu ya familia kwenye jua la Kakuma waliweza bila intaneti, mtu asiwaambie kwamba kikundi chenu cha watu 60 lazima kila mtu awe na simu ya kioo na bando.

Basi mfumo uwe na njia tatu zinazoingia kwenye orodha moja. Ya intaneti kwa mwenye nayo. Ya nyota na reli kwa mwenye kabambe, kama kikundi ni kikubwa na kinaweza kugharamia. Vikundi vidogo vinaweza kuungana kwenye hilo. Na ya katibu, ambaye anajaza fomu kwenye simu yake hata pasipo na mtandao, kisha inajituma akifika kwenye mtandao. Programu za namna hiyo zipo. KoboToolbox ni moja, na vijana wengi waliofanya kazi na mashirika Kakuma wanaifahamu, waulizeni. Katibu akimjazia mtu, amsomee alichoandika kabla ya kutuma. Herufi moja inatenganisha Akiru na Ekiru.

Daftari lisitupwe. Julai 2023 mfumo wa eCitizen, wa serikali yenyewe, ulishambuliwa na wadukuzi, na huduma zikayumba kwa siku kadhaa. Kama eCitizen inaweza kulala, wenu pia utalala. Kila mwezi chapisheni orodha ya wanachama na michango, mwenyekiti aweke sahihi, ifungiwe.

Sasa usalama, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Hakuna fomu ya kikundi inayohitaji namba ya siri ya M-Pesa. Hakuna. Inaingizwa kwenye simu ya mwenyewe, na mwenyewe. Katibu mwema anayemwingizia bibi namba ya siri kwa sababu macho ya bibi ni mabovu anamfundisha bibi kwamba ni sawa kuitaja, na siku nyingine atamtajia tapeli. Afadhali aje na mjukuu wake.

Mweka hazina asikubali ujumbe anaooneshwa kwenye simu ya mtu kuwa ndio risiti. Ujumbe huandikwa na yeyote. Aangalie taarifa ya Paybill, atafute msimbo wa muamala, zile herufi na tarakimu 10, ndipo aandike. Na taarifa hiyo ionekane na watu wawili wa kikundi au zaidi, kila mmoja kwa akaunti yake, si kwa neno la siri moja lililoandikwa ukutani.

Halafu sheria. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data. Kwa lugha ya kivulini hapa: ukichukua habari za mtu, mwambie unazitakia nini, usichukue zaidi ya unazohitaji, akitaka kuona ulichoandika, mwoneshe, kikiwa na kosa, kirekebishe, usimpe mtu mwingine bila idhini. Kuweka picha za vitambulisho vya wanachama kwenye kundi la WhatsApp "ili katibu avikusanye" si sawa, na naona baadhi yenu mnatazama chini. Futeni leo jioni.

Mwisho kuhusu wauzaji. Kabla ya kutia sahihi ulizeni mambo machache, na majibu yaandikwe. Paybill itakuwa kwa jina la nani? Iwe ya kikundi, na pesa iingie akaunti ya benki ya kikundi. Kuna wauzaji wanaopokea kwa Paybill yao halafu "watawatumia". Huyo akifunga duka, mtamtafuta na michango yenu. Mtu akikosea akaandika nambari ya mwenzake, nani anaweza kusahihisha, na mfumo unaweka kumbukumbu ya aliyesahihisha? Ada ya muamala inalipwa na mwanachama au na kikundi? Kwa mchango wa shilingi 50 kila wiki, ada ndogo si ndogo. Tukitaka kuondoka, mtatupa orodha yetu yote, na michango, kwa faili inayofunguka kwenye kompyuta nyingine? Asiyejibu hilo la mwisho anataka kuwafunga kamba kama mbuzi.

Na kama kikundi chenu kina watu 20 mnaoonana kila Jumanne, sioni haja ya kununua mfumo. Paybill, nambari za uanachama, na daftari lililonyooka vinatosha kwa sasa. Hakikisheni tu kikundi kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na orodha iliyoko kwa ofisi ya usajili ni ile ile mliyo nayo. Afisa wa maendeleo ya jamii yuko pale kwenye meza ya kulia, atawaeleza.

Nimeongea vya kutosha. Kila katibu sasa afungue daftari kwenye ukurasa wa majina, ahesabu Akiru ni wangapi, na Ekai, na Ewoi. Tutawapa nambari mmoja mmoja, kwa ile hesabu ya kujumlisha. Wenye wanachama zaidi ya 100 waje upande wa chifu, kuna kijana mwenye kompyuta. Waliokosa kalamu, hizi hapa. Maji yako nyuma ya gari.